Tofauti za Damu Zisitugawe, Zitulinde

Limekuwa jambo la kawaida kusikia katika makambi ya jeshi na katika vituo vya polisi maneno ya namna hii: ya kwamba watu wa kabila fulani hawashikwi na malaria, ya kwamba watu wa milimani ni dhaifu wakishuka bondeni, ya kwamba kuruta aliyeanguka katika mwendo mrefu ni mvivu wa kuzaliwa, au ana damu mbaya. Maneno hayo husemwa kwa mzaha, lakini mzaha unaorudiwa kila siku hugeuka kuwa imani, na imani ya mkubwa hugeuka kuwa amri. Ofisa anayeamini kwamba askari wake fulani hawashikwi na malaria hatawahimiza kulala ndani ya chandarua. Mwalimu wa kwata anayeamini kwamba aliyeanguka ni mvivu atamkaripia badala ya kumpa maji. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tulizungumze jambo hili kwa kirefu, maana ndani ya maneno hayo mna punje ya ukweli iliyofunikwa na rundo la upotofu.

Ukweli wenyewe ni huu: miili ya binadamu haipigani na maradhi kwa namna moja. Watu wawili wakiumwa na mbu yule yule, mmoja aweza kulala kitandani juma zima na mwingine asihisi hata kichwa kumwuma. Sehemu ya tofauti hiyo imo katika urithi ambao kila mmoja wetu ameupokea kwa wazazi wake, na wazazi kwa wazazi wao, tangu vizazi vya kale. Charles Darwin aliandika mwaka 1859 kwamba viumbe huzaliwa na tofauti ndogo ndogo, na kwamba wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali waishipo ndio wanaobaki na kuzaa wengi zaidi. Maradhi yamekuwa kichujio kikali kuliko vyote katika habari hiyo. Kabla ya dawa na chanjo, kila ugonjwa mkubwa uliopita katika nchi uliwachukua wengine na kuwaacha wengine, na walioachwa ndio waliokuwa babu zetu.

Mfano ulio wazi kuliko yote umechunguzwa hapa hapa kwetu Uganda na kwa jirani zetu wa Kenya. Ni habari ya selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Mtu akirithi chembe hiyo ya urithi kwa mzazi mmoja tu, huitwa mbebaji. Huishi maisha yake yote kama watu wengine, na mara nyingi hajui kwamba anayo. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, akapatwa na maumivu makali, upungufu wa damu, na pengine kifo cha utotoni.

Mwaka 1949 wataalamu wawili, Hermann Lehmann na Alan Raper, walitangaza matokeo ya kupima damu za makabila mbalimbali ya Uganda. Miongoni mwa Waamba, wakaao bondeni chini ya milima ya Ruwenzori, walikuta wabebaji karibu 45 katika kila watu 100, hali miongoni mwa Wakiga wa milima ya Kigezi wabebaji walikuwa wachache mno. Swali likawa hili: iwapo chembe hiyo huleta ugonjwa unaoua watoto, mbona haikutoweka? Mbona mahali pengine imejaa na mahali pengine ni adimu?

Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Yeye alikuwa ameona kwamba chembe hiyo ni nyingi pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Kisha akapima damu za watoto 290 wa Kiganda katika kandokando ya Kampala. Katika wabebaji 43, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 12, yaani kama 28 katika kila 100. Katika wasio wabebaji 247, waliokutwa navyo walikuwa 113, yaani kama 46 katika kila 100. Uchunguzi mwingi uliofuata umethibitisha kwamba mbebaji hukingwa kwa kiasi kikubwa sana, kama sehemu tisa katika kumi, dhidi ya malaria ile kali inayoua.

Basi hesabu ya maumbile ikawa hivi. Mahali penye mbu wengi, mtoto asiyekuwa na chembe hiyo aliweza kuuawa na malaria. Mwenye chembe mbili aliuawa na selimundu. Mwenye moja akapona pande zote mbili, akakua, akazaa. Huko milimani ambako malaria ilikuwa haba, faida haikuwapo na hasara ilibaki, kwa hiyo chembe hiyo haikuenea. Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Chembe hiyo imo pia katika sehemu za Ugiriki, Uarabuni na India, ambako malaria ilikaa kwa karne nyingi. Ni wazi, basi, kwamba kilichoamua si kabila wala rangi, bali ni mbu. Mwamba na Mkiga hawakutofautishwa na ubora wa mmoja juu ya mwenziwe. Walitofautishwa na mahali ambapo babu zao walijenga nyumba.

Iko mifano mingine inayohusu kinga yenyewe ya mwili. Huko Burkina Faso, mtaalamu David Modiano na wenzake walitangaza mwaka 1996 kwamba Wafulani waliokuwa wakiishi karibu na Wamossi, wakiumwa na mbu wale wale, walikuwa na vijidudu vichache zaidi katika damu, waliugua mara chache zaidi, na miili yao ilitengeneza kingamwili nyingi zaidi. Nayo ile chembe ya selimundu haikuwa nyingi kwao, wala haikuweza kueleza tofauti hiyo. Tena, mwaka 2016 vilitangazwa vichunguzi viwili, kimoja cha Kanada na kimoja cha Ufaransa. Kile cha Kanada kilichukua chembe nyeupe za damu za Wamarekani 175, baadhi wa asili ya Afrika na baadhi wa asili ya Ulaya, zikaambukizwa bakteria. Chembe za wenye asili ya Afrika, kwa wastani, zilijibu kwa ukali zaidi na kuwaua bakteria kwa upesi zaidi.

Msomaji asikimbilie kujivuna. Ukali wa kinga una gharama yake. Kinga ikizidi kuwaka huunguza nyumba yake yenyewe: huleta uvimbe, na yaweza kuishambulia mishipa, figo na viungo vya mwili. Askari anayefyatua risasi hovyo gizani aweza kumwua adui, na aweza kumwua mwenziwe pia. Huenda watu ambao babu zao waliondoka Afrika, wakakutana na maradhi ya namna nyingine, walifaidika na kinga iliyo tulivu zaidi. Hakuna kinga iliyo bora kila mahali na kila wakati. Tena, wastani si mtu: ndani ya kila kundi wamo wenye kinga kali na wenye kinga tulivu, na mtaalamu Richard Lewontin alikwisha kuonyesha mwaka 1972 kwamba kama sehemu 85 katika 100 za tofauti za urithi wa binadamu zimo ndani ya kundi moja moja, si baina ya kundi na kundi. Anayetaka kujua afya ya askari kwa kuuliza kabila lake atakosea mara nyingi kuliko atakavyopata.

Tuna sababu nyingine ya kutokuutegemea urithi. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima pacha 210 kwa vipimo 204 vya kinga ya mwili. Waliona kwamba katika zaidi ya robo tatu ya vipimo hivyo, tofauti kubwa ilitokana na mambo yasiyorithiwa: maradhi ambayo mtu amekwisha kuyapata, chanjo alizochanjwa, chakula na mazingira yake. Kinga hurithiwa, lakini pia hufunzwa. Watu wa zamani walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nao walisema juu ya vijinga vya moto, lakini maneno yao yanafaa hapa pia. Huko Kilifi, Kenya, ilionekana mwaka 2005 kwamba ulinzi wa mbebaji wa selimundu dhidi ya malaria ya kawaida uliongezeka kadiri mtoto alivyokua kufikia umri wa miaka kumi, dalili kwamba ile kinga ya urithi na ile ya kufunzwa zilikuwa zikisaidiana.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa askari moja kwa moja. Kinga ya malaria inayofunzwa hupatikana kwa kuumwa na mbu mara nyingi tangu utotoni, na hupungua mtu akikaa mbali na malaria. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba huko Apac mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vijidudu zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka mmoja. Mkulima aliyezaliwa huko na akakua ana mafunzo ya damu ambayo konstebo aliyezaliwa Kabale, mahali palipo juu ya mita 1,800, hana. Konstebo huyo akihamishiwa Apac, homa ya siku mbili aliyoizoea mwenyeji yaweza kuwa kwake homa ya kufa. Naye askari wa Lango aliyekaa miaka mingi mahali pasipo na malaria asidhani kwamba atarudi nyumbani na ngao ile ile aliyoondoka nayo. Damu nayo husahau mafunzo yasiporudiwa, kama askari anavyosahau shabaha.

Katika vita vikuu vya pili, askari wa King's African Rifles walipigana Burma chini ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim. Mwaka 1943, kwa kila mtu mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, watu 120 waliondolewa kwa maradhi. Jenerali huyo hakuuliza ni kabila gani lenye damu ya nguvu. Aliamuru kila mtu ameze dawa ya mepakrini, kisha akawa anapima vikosi kwa ghafla. Kikosi kilichokutwa na waliomeza chini ya 95 katika kila 100, mkuu wake aliachishwa uongozi. Alilazimika kuwaachisha watatu tu, waliobaki wakaelewa. Huo ndio uongozi tunaouhitaji katika kila kambi na kila kituo.

Tukiirudia habari ya selimundu, majeshi ya Marekani yalijifunza somo lingine kwa gharama ya maisha ya watu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1987, uliohusu makuruta milioni 2 walioandikishwa kati ya mwaka 1977 na 1981, ulionyesha kwamba makuruta weusi waliokuwa wabebaji walikufa ghafla mazoezini kwa kiasi cha mara 28 kuliko makuruta weusi wasiokuwa wabebaji. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache, kama 32 katika kila wabebaji 100,000, lakini vilitisha. Chuo cha Jeshi la Anga la nchi hiyo, kwa muda mrefu, kiliwakataa wabebaji. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1981.

Je, dawa ilikuwa kuwakataa? Sivyo. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliamuru tahadhari kwa askari wote: maji ya kutosha, mapumziko yaliyopangwa, kuzoezwa joto hatua kwa hatua, na kusimamisha zoezi mara mtu aonyeshapo dalili mbaya. Kisha, mwaka 2016, ukatangazwa uchunguzi wa askari weusi 47,944 waliotumikia kati ya mwaka 2011 na 2014. Wabebaji hawakufa zaidi ya wenzao. Hatari moja ilibaki: misuli kuharibika kwa mazoezi makali na kumwaga sumu yake ndani ya damu, jambo linaloweza kuziua figo, hatari hiyo ilikuwa juu kwa 54 katika 100. Somo ni kwamba tahadhari iliyowekwa kwa wote iliwalinda wale waliokuwa katika hatari zaidi, pasipo kumfukuza hata mmoja.

Katika nchi yetu jambo hili si dogo. Uchunguzi wa watoto wachanga wa Uganda nzima, uliotangazwa mwaka 2016, ulikuta wabebaji 13.3 katika kila 100, na katika wilaya nyingine zaidi ya 20. Tukishika hesabu hiyo, katika kombania ya askari 100 yamkini 13 ni wabebaji, na wengi wao hawajui. Wamo miongoni mwa wapiga mbio hodari na wapiga shabaha hodari. Ni wazima. Wanachohitaji ni maji, kivuli na kiongozi mwenye macho.

Yapo mambo matano ambayo sisi twaona hayana budi kutendwa.

La kwanza, vyandarua na dawa ni vya kila askari, wa bondeni na wa mlimani. Anayehamishwa kutoka mahali pa baridi kwenda mahali pa mbu aelezwe hatari yake kabla hajapanda gari, na homa yake ipimwe siku ile ile inapoanza.

La pili, katika kila mwendo wa mizigo na kila zoezi la joto kali, maji na mapumziko viwe sehemu ya amri ya kazi, visiwe zawadi ya afande mwenye huruma. Kuruta anayelalamika maumivu makali ya misuli, au ambaye mkojo wake umekuwa mweusi, apelekwe kwa daktari mara moja. Asitukanwe.

La tatu, kila askari apate nafasi ya kupimwa selimundu, na majibu yawe siri yake na ya daktari. Yasitumiwe kumnyima mtu kazi, cheo wala mafunzo. Vipimo vingine vya damu navyo visomwe kwa busara. Wengi wetu hatuna juu ya chembe zetu nyekundu ile alama iitwayo Duffy. Kukosekana kwake huizuia namna moja ya malaria kuingia katika chembe hizo, na pia hufanya baadhi ya chembe nyeupe za damu zionekane chache kuliko vipimo vilivyowekwa kwa damu za Ulaya. Huo si ugonjwa, na kijana mzima asirudishwe kwao kwa sababu yake.

La nne, askari wanaokusudia kuoana, au kuoa na kuolewa uraiani, wapimwe pamoja. Wabebaji wawili wakizaa, katika kila mimba pana nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Hatusemi wasioane, twasema waamue wakiwa wanajua, na mtoto wao apimwe mara azaliwapo, maana anayetambuliwa mapema hupata dawa na kinga zinazookoa maisha. Wala mama asitupiwe lawama, wala majirani wa kambini wasinong'one habari za uchawi. Chembe hiyo hutoka kwa baba na kwa mama sawasawa.

La tano, mazungumzo ya damu bora na damu duni yakome. Wakoloni walikuwa na imani yao ya makabila ya vita na makabila yasiyo ya vita, wakaandikisha jeshi kwa kuifuata, na nchi yetu ilikuja kulipa kwa machozi. Yatakuwa maajabu iwapo sisi wenyewe tutaifufua imani hiyo kwa kuivika nguo mpya ya elimu ya viumbe, ilhali elimu hiyo inaikanusha.

Kila mmoja wetu amebeba katika mwili wake kumbukumbu za vita ambavyo babu zake walipigana na vijidudu. Mwamba amebeba za kwake, Mkiga za kwake, Mganda na Mwacholi za kwao. Hakuna aliyezichagua, na hakuna anayestahili sifa wala fedheha kwa ajili yake. Kinachomstahilia askari sifa au fedheha ni yale ayafanyayo leo: kama alilala ndani ya chandarua, kama alimpa mwenziwe maji, kama alimpeleka hospitali aliyeanguka. Twawaomba wakuu wa vikosi na wa vituo waanze kwa kuhesabu vyandarua na madumu ya maji waliyo nayo, kabla ya zoezi lijalo.